Mzigo wa Mwenzio: Habari za Wauguzi Katika Maradhi Makuu

Wasikilizaji wetu, wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanda lililojaa usufi ni kubwa kwa macho lakini ni jepesi kichwani. Na ndivyo tuonavyo kila mzigo uliochukuliwa na mtu mwingine. Twamtazama mchukuzi, twausifu mwendo wake, kisha twapita. Leo twataka kusimulia habari za mzigo wa namna hiyo, nao ni mzigo wa wauguzi wa hospitali wakati maradhi yanapoenea ulimwenguni mwote.

Twakiri mbele yenu kwamba sisi wenyewe tumekuwa miongoni mwa watazamaji. Tulisomeshwa katika shule za misheni, na kwa miaka mingi sasa twafundisha vijana watakaokuwa walimu. Kila mara tulipofika katika somo la wauguzi tulitumia mfano uleule tuliopewa sisi tulipokuwa watoto, kwamba mwuguzi ni kama mshumaa: huwaangazia wengine na huku wenyewe wateketea. Siku moja mwanafunzi mmoja, ambaye dada yake ni mwuguzi, alisimama kwa adabu akauliza, "Mwalimu, mshumaa ukiisha kuteketea, usiku wa pili wagonjwa wataangaziwa na nini?" Darasa likanyamaza, nasi tukanyamaza pamoja nalo. Maongezi haya ni jibu tulilolitafuta tangu siku ile, na tumelitafuta katika historia.

Na tuanze na mwaka wa 1918. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vikielekea mwisho wake, ndipo ilipozuka homa ya mafua ambayo mfano wake haukuwa umeonekana katika kumbukumbu za watu walio hai. Iliitwa homa ya Kihispania, si kwa sababu ilizaliwa Hispania, bali kwa sababu nchi ile haikuwamo vitani, na magazeti yake yalikuwa na ruhusa ya kutangaza habari ambazo mataifa yaliyopigana yalizificha. Yakadiriwa kwamba watu milioni 500, yaani theluthi moja ya wanadamu wote wa wakati ule, walipata ugonjwa huo, na watu wapatao milioni 50 walikufa. Hata pwani yetu haikusalimika, maana homa iliingia Mombasa kwa njia ya bahari katika mwezi wa Septemba 1918. Tena haikuchagua wazee na watoto wachanga peke yao, kama yafanyavyo mafua ya kila mwaka. Iliwakumba vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hata 40, nao ndio rika la wauguzi wenyewe.

Ili tuelewe mzigo wa wauguzi wa siku zile, yafaa tukumbuke jambo moja. Dawa ya kuponya homa ile haikuwako. Kirusi cha mafua ya binadamu hakikutambuliwa mpaka mwaka wa 1933. Penisilini, ambayo ingaliweza kusaidia pale mapafu yaliposhikwa na vijidudu vingine baada ya mafua, iligunduliwa mwaka wa 1928, wala haikuanza kutumiwa na watu wengi mpaka miaka ya 1940. Basi daktari wa 1918 aliweza kumtazama mgonjwa na kuutaja ugonjwa, lakini kuufukuza hakuweza.

Je, mgonjwa alisaidiwa na nini? Alisaidiwa kwa kunyweshwa maji kidogo kidogo, kwa kulishwa uji na mchuzi mwepesi, kwa kupanguswa mwili joto lilipopanda, kwa kubadilishiwa shuka zilizolowa jasho, kwa kugeuzwa ubavu, kwa kufunguliwa dirisha apate hewa, na kwa kuzuiwa asiondoke kitandani kabla ya wakati. Kazi zote hizo ni za mwuguzi. Mithali yetu yasema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini lazima awepo mtu wa kuupika uji huo, na wa kuuleta, na wa kumwinua mgonjwa kichwa. Mahali pasipo na dawa, mikono ya mwuguzi ndiyo dawa. Na mikono hiyo ilikuwa haba.

Twendeni sasa katika mji mmoja, tupate kuyaona mambo haya kwa karibu. Philadelphia ni mji mkubwa katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani. Katika mwezi wa Septemba 1918 homa iliingia kwa mabaharia wa manowari. Hata hivyo, tarehe 28 Septemba wakuu wa mji waliruhusu maandamano makubwa ya kuchangisha fedha za vita, na watu wapatao 200,000 wakasongamana barabarani. Baada ya siku tatu tu vitanda vya hospitali za mji vilikuwa vimejaa. Mapema katika Oktoba shule, makanisa na nyumba za michezo zilifungwa, lakini moto ulikuwa umekwisha kushika makuti. Siku ya tarehe 10 Oktoba peke yake homa iliua watu 759 katika mji ule, na katika muda wa majuma machache waliokufa walizidi 12,000. Wanafunzi wa seminari walitoka kwenda kuchimba makaburi, kwa kuwa wachimbaji hawakutosha.

Katika hali hiyo wauguzi walikuwa wapi? Wengi walikuwa wamekwenda vitani. Marekani iliingia vitani katika mwezi wa Aprili 1917, na tangu hapo maelfu ya wauguzi waliofundishwa vema waliandikwa kwa ajili ya jeshi, wengine katika kambi za nchini na wengine ng'ambo katika Ufaransa. Waliobaki hospitalini walikuwa wachache, pamoja na wasichana waliokuwa bado katika mafunzo. Hawa ndio waliokabidhiwa wadi zilizojaa hata ujiani. Na kwa kuwa homa haikuheshimu vazi jeupe, wauguzi wenyewe wakaanza kuanguka. Kila alipoanguka mmoja, wagonjwa wake waligawanywa kwa waliobaki, na yeye mwenyewe akaongezeka katika hesabu ya wagonjwa. Hivyo mzigo uliongezwa kwa upande mmoja, na wachukuzi walipunguzwa kwa upande wa pili.

Walikuwako pia wauguzi waliozunguka majumbani mwa maskini. Mwuguzi wa namna hiyo alitoka asubuhi na orodha ya nyumba za kuingia. Lakini orodha ya asubuhi haikuwa orodha ya jioni, maana alipoonekana njiani watu walimwita kutoka kila mlango. Aliingia akakuta baba na mama wamelala hoi, na watoto wadogo wana njaa. Ilimpasa kuchagua: abaki hapa, au aende kule anakoitwa? Uchaguzi huo ni mzito kuliko ndoo ya maji. Mtu aweza kupumzisha mgongo wake kwa usingizi wa usiku mmoja, lakini yule aliyeachwa mlango wa pili hurudi katika usingizi wenyewe.

Shule zilipofungwa, Kanisa Katoliki la mji ule liliwaruhusu watawa wake zaidi ya 2,000 kutoka na kwenda kuuguza. Wengi miongoni mwao walikuwa walimu. Habari hii hutugusa sana sisi tulio walimu. Mtawa aliyekuwa jana akifundisha watoto kusoma, leo alikuwa usiku wa manane katika hospitali ya haraka, akimshika mkono mtu asiyemjua ambaye uso wake ulikuwa ukigeuka rangi ya samawati kwa kukosa hewa. Hakuwa amefundishwa kazi ile. Baadhi yao waliambukizwa wakafa. Mwaka uliofuata, 1919, habari za kazi yao zilikusanywa zikapigwa chapa, na kwa hiyo twazijua. Lakini wauguzi wengi wa mwaka ule hawakuulizwa habari zao na mtu ye yote.

Yafaa sasa tuseme neno lililo chungu. Upungufu ule wa mikono haukuletwa na ugonjwa na vita tu. Wakati huohuo walikuwako katika Marekani wauguzi Weusi, waliofundishwa na kufaulu, walioomba kuandikwa jeshini wakakataliwa kwa sababu ya rangi yao. Wagonjwa walilala bila mtu wa kuwapa maji, na huku mikono iliyojua kazi ilizuiwa mlangoni. Mpaka vita vilipokwisha kusimamishwa, tarehe 11 Novemba 1918, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameingizwa katika kikosi cha wauguzi wa jeshi. Ndipo katika Desemba waliandikwa wauguzi Weusi 18, wakapelekwa katika kambi mbili, Camp Sherman katika Ohio na Camp Grant katika Illinois. Kumi na wanane tu. Basi tusemapo kwamba wauguzi wa 1918 walilemewa, tusiseme kana kwamba mzigo wote ulitoka mbinguni. Sehemu yake ilitwikwa na wanadamu.

Homa ilipopita, watu walitaka kusahau. Sanamu nyingi zilisimamishwa kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Lakini kwa ajili ya wale waliokufa kwa kuuguza homa zilikuwa chache mno. Wala hapakuwa na jina la lile jambo lililowapata wauguzi waliobaki hai. Mtu akishindwa kuamka, aliambiwa kwamba ana udhaifu wa mishipa. Akitokwa na machozi, aliambiwa kwamba hakufaa kazi. Kwa kuwa aibu ilikuwa juu yake, alinyamaza.

Ilichukua miaka mingi jambo hilo kuanza kuchunguzwa. Mwaka wa 1960 mwanamke mmoja mtaalamu wa mambo ya nafsi, Isabel Menzies, alitoa taarifa juu ya wauguzi wa hospitali moja kubwa ya London. Aliona kwamba hofu na huzuni ya kazi ile ilikuwa kubwa hata hospitali yenyewe ilikuwa imejijengea desturi za kuificha. Mgonjwa hakuitwa kwa jina lake; aliitwa kwa kitanda chake au kwa kiungo kilichomwuma. Wanafunzi wa uuguzi walihamishwa upesi kutoka wadi hata wadi wasipate kumzoea mtu. Desturi hizo zilikusudiwa kuwakinga na huzuni, lakini ziliwanyima furaha ya kumwona mgonjwa wao akipona. Na karibu theluthi moja ya wanafunzi waliiacha kazi kabla ya kumaliza mafunzo. Tena, kwa maneno ya taarifa ile, walioacha hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa miongoni mwa wale wenye moyo mwema zaidi.

Mwaka wa 1974 mganga wa nafsi aliyeitwa Herbert Freudenberger, wa New York, alilipa jambo hilo jina la Kiingereza lenye maana ya kuteketea hata kwisha. Angalieni, wasikilizaji: ni mfano wetu uleule wa mshumaa, lakini safari hii ulitumiwa kwa kutaja hasara, wala si kwa kusifu. Mwaka wa 1981 Christina Maslach na mwenzake walitoa kipimo chake, wakaonyesha dalili tatu. Ya kwanza, moyo huchoka hata usiwe na kitu cha kumpa mtu. Ya pili, wagonjwa huanza kuonekana kama vitu, si kama watu. Ya tatu, mtu hujiona kwamba kazi yake yote haina faida. Na mwaka wa 2019 Shirika la Afya la Dunia lilieleza katika orodha yake kwamba hali hiyo hutokana na mashaka ya kazi yasiyotunzwa vema. Twaomba mlishike neno hilo: hutokana na kazi.

Sasa turudi Pennsylvania, jimbo lilelile la homa ya 1918. Mwaka wa 2002, Linda Aiken, mwuguzi na mwalimu katika chuo kikuu kilicho papo hapo Philadelphia, pamoja na wenzake, walitoa hesabu iliyosomwa ulimwenguni kote. Walichunguza hospitali 168 za jimbo hilo. Waliwauliza wauguzi zaidi ya 10,000, na walitazama habari za wagonjwa zaidi ya 230,000 waliopasuliwa. Waliona kwamba kila mwuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja zaidi, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 ulizidi kwa 7 katika 100, na uwezekano wa mwuguzi kuchoka moyo ulizidi kwa 23 katika 100. Hivyo miaka 84 baada ya homa, katika mji uleule, usufi ulitiwa mizanini, ukaonekana kuwa mawe. Tena ilidhihirika kwamba uchovu wa mwuguzi na mauti ya mgonjwa si habari mbili, bali ni habari moja. Jimbo la California lilikuwa limekwisha kupitisha sheria mwaka wa 1999, iliyoanza kutumika mwaka wa 2004, ya kuweka mpaka wa idadi ya wagonjwa kwa kila mwuguzi. Na katika wadi za wagonjwa mahututi mpaka huo ni wagonjwa wawili tu.

Elimu hiyo basi ilikuwako kabla ya mwaka wa 2020. Je, ilitumiwa? Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba maradhi ya Korona yalikuwa yameenea ulimwenguni. Mwaka huohuo ulikuwa umetajwa kuwa Mwaka wa Wauguzi na Wakunga, kwa ukumbusho wa miaka 200 tangu alipozaliwa Florence Nightingale. Na taarifa ya mwaka ule ilionyesha kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi karibu milioni 6. Kwa hiyo maradhi yaliwakuta wauguzi wachache, kama mwaka wa 1918.

Huko Uchina, ambako maradhi yalionekana kwanza, wachunguzi waliwauliza wafanya kazi 1,257 wa hospitali 34 mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2020, na zaidi ya nusu yao walikuwa wauguzi. Watu 50 katika 100 walikuwa na dalili za moyo kuzama, 45 walikuwa na dalili za wasiwasi, na 34 walikosa usingizi. Na wauguzi walioshika wagonjwa kwa mikono yao katika mji wa Wuhan walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Walikuwa wamevaa nguo za kujikinga ambazo hawakuweza kuzivua kwa saa nyingi, hata kwa kunywa maji. Jamaa za wagonjwa hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo mwuguzi alikuwa mwuguzi, na ndugu, na mara nyingine ndiye uso wa mwisho ulioonekana na mtu anayekufa. Na uso huo ulikuwa umefunikwa. Kisha zamu ilipokwisha, alirudi nyumbani akiogopa kumkumbatia mtoto wake. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba tangu Januari 2020 hata Mei 2021 wafanya kazi wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa maradhi hayo.

Watu waliwasifu sana. Katika Uingereza, kuanzia tarehe 26 Machi 2020, wenyeji walisimama milangoni mwao kila jioni ya Alhamisi, kwa majuma 10, wakapiga makofi kwa ajili ya wauguzi na wenzao. Lilikuwa jambo jema, wala hatulicheki. Lakini tarehe 15 Desemba 2022 wauguzi wa nchi hiyohiyo walisimama nje ya hospitali zao katika mgomo, wakidai mshahara wa kutosha, na wakisema kwamba wachache hawawezi kuwatunza wengi kwa usalama. Hapa kwetu pia, katika Kenya, wauguzi wengi wa serikali walianza mgomo mwezi wa Desemba 2020, wakidai mavazi ya kujikinga, bima, na kuongezewa wenzao. Mtu aweza kuuliza, Je, mwuguzi aweza kumwacha mgonjwa wake? Swali hilo ni la haki. Lakini haki yataka pia tuulize swali lililotangulia: nani aliyemwacha mwuguzi kwanza?

Sasa twaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Historia yatuonyesha kwamba kuchoka kwa mwuguzi si dalili ya moyo mdogo. Ni hesabu: wagonjwa wangapi, mikono mingapi, saa ngapi za kulala, na kinga gani. Hesabu hiyo hufanywa kabla ya maradhi kuja. Yakiisha kuja, wakati umepita. Wakuu wa Philadelphia hawakuwa na uwezo wa kuumba wauguzi katika majuma mawili ya Oktoba, kama vile mkulima asivyoweza kuvuna asichopanda. Zamu zipangwe ili mtu alale. Wafundishwe wengi wakati wa salama, wala asizuiwe mlangoni aliyefundishwa. Yule alemewaye na huzuni apate mtu wa kumsikiliza bila kumwaibisha. Na mshahara wake usiwe maneno matamu.

Sisi tusio na mamlaka tunayo sehemu yetu. Tufikapo hospitali, tukimkuta mwuguzi mkali kwa maneno, kabla ya kumlaumu tumhesabie vitanda. Tukiwa na mmoja nyumbani mwetu, dada, mke au binti, tusimngojee arudi kutoka zamu ya usiku aje kutuwashia moto jikoni.

Na sisi walimu tumekwisha kuliacha somo la mshumaa. Mwaka huu tuliwaambia wanafunzi wetu kwamba mwuguzi ni mfano wa taa ya mafuta. Nayo huangaza vilevile, lakini kila mwenye nyumba ajua kwamba taa hutiwa mafuta mchana, kabla giza halijaingia, na kwamba ikizimika usiku wa manane si kosa la taa. Yule mwanafunzi alikuwa amekwisha kumaliza masomo yake, hakuwapo darasani kutusikia. Kama anatusikiliza leo, na atusamehe kwa kukawia kwetu.